Mfungwa Anapopewa Jukumu la Kumsaidia Mwenzake

Ukitaja urekebishaji wa wafungwa, wengi hufikiria mafunzo ya ufundi: useremala, ushonaji, uchomeleaji. Mafunzo hayo ni ya lazima, kwani anayetoka na ujuzi mkononi ana pa kuanzia. Lakini kwa sisi tulio katika kazi hii, lipo jambo linalombadilisha mtu kwa ndani zaidi na bado halijapewa uzito wake. Ni kumpa mfungwa jukumu la kumsaidia mwenzake.

Chukua kisomo. Katika magereza ya Uingereza upo mpango ambao mfungwa anayejua kusoma humfundisha asiyejua, wawili tu mezani, dakika 20 kwa siku. Faida ya mwanafunzi iko wazi. Barua ya nyumbani aliyokuwa akiomba asomewe, mambo ya familia yake yakabaki mdomoni mwa wengine, sasa anaisoma mwenyewe. Mimi humtazama zaidi anayefundisha. Inambidi afike kwa wakati. Mwenzake akikwama kwenye silabi ile ile kwa mara ya nne, inambidi avute subira na kumsitiri mtu mzima anayeona aibu. Pengine mwalimu huyu alifungwa kwa kushindwa kuzuia hasira zake, na mawaidha mengi aliyopewa hayakumwingia. Sasa anajizuia kwa sababu kuna anayemtegemea.

Mwaka 1991, katika gereza la Swansea huko Wales, shirika la Samaritans, linalowasikiliza watu waliokata tamaa, lilianza kuwaandaa wafungwa kuwasikiliza wenzao waliolemewa na mawazo, wakiwemo wanaotaka kujidhuru. Kazi yao ni kusikiliza bila kuhukumu na kutunza siri. Mtu ambaye kwa miaka hakuna aliyemwamini anaitwa usiku kukaa na mwenzake aliyekata tamaa ya kuishi. Wema huo haufuti deni lake kwa aliyemkosea, na asiambiwe kwamba unalifuta. Ila majuto yake yanapata kazi ya kufanya.

Hapa pana hatari, nayo ni unyapara, yaani mfungwa kugeuka bosi wa wenzake. Kanuni za Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinakataza katika kanuni ya 40 mfungwa kupewa mamlaka ya kinidhamu juu ya wenzake. Zinaruhusu majukumu ya kijamii, kielimu au kimichezo, chini ya usimamizi. Kwa hiyo msaidizi asigawe chakula wala asipange nani alale wapi. Naye pia apate ofisa wa kumsikiliza, maana mazito ya wenzake humlemea.

Linalonisumbua zaidi ni siku ya kutoka. Gerezani alikuwa mwalimu, wenzake wakimheshimu. Uraiani anakuwa tena "yule aliyefungwa". Wengi huteleza hapo. Maofisa waanze mapema kumtafutia pa kuendeleza kazi hiyo, kama darasa la kisomo cha watu wazima au kikundi cha wanaoachana na ulevi.

Familia nayo, ikienda kumtembelea, isiishie kumuuliza atatoka lini. Imuulize anamsaidia nani humo ndani. Akirudi nyumbani, apewe jukumu katika wiki zile za kwanza, hata la kumsindikiza mgonjwa hospitali, kabla hajaanza kujiona mzigo.