Triaji si chumba, na hiyo "tri" si tatu

Juzi nilikuwa kwa semina ya CPD, yale mafunzo ya wahudumu wa afya walio kazini, zile za kutafuta pointi ili leseni isikwame, mtoa mada akasimama akasema ati triaji inaitwa triaji kwa sababu rangi ni tatu, nyekundu, njano na kijani, tri ni tatu kama traisikoli. Watu wakaandika kwa daftari. Hii stori nimeisikia mara nyingi mno, sa leo wacha niitoe roho.

Maana yenyewe ni fupi: triaji ni kuamua nani aanze kutibiwa kulingana na vile hali yake haiwezi kungoja, si kulingana na saa aliyofika. Basi. Tuje kwa jina.

Neno ni la Kifaransa, trier, yaani kuchambua. Tatu haimo humo hata kidogo. Kabla halijaingia hospitali lilikuwa neno la biashara, Waingereza wa karne ya 18 walilitumia kwa kupanga sufu ya kondoo, hii safi hii chafu, halafu karne ya 19 likafika kwa kahawa, na "kahawa ya triaji" ilikuwa zile punje zilizovunjika, zile za chini kabisa. Mtu wa Mbale, kule Uganda kwa kahawa, hapo ashanielewa. Senge yangu, yaani shangazi, alichambua kahawa miaka mingi, wanawake wamekaa na mafungu mbele yao, mkono unatoa nyeusi, iliyotobolewa na mdudu, iliyovunjika, kijiwe, jicho linaona mkono unafuata, na hakuna siku msimamizi alimwambia mafungu lazima yawe matatu. Tofauti ni moja tu, kwa kahawa iliyoharibika inatupwa, kwetu aliyeharibika ndo anatangulia.

Huko kutangulia watu wanamtaja Larrey, mpasuaji wa jeshi la Napoleon, yule alisema aliyeumia vibaya ndo aanze, awe ofisa awe askari wa chini. Lakini neno lenyewe lilishika kwa udaktari baadaye sana, kwa Wafaransa wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Na kama ni mambo ya rangi, kipimo cha triaji cha Afrika Kusini kina ya machungwa katikati ya nyekundu na njano, sa hiyo tuiite nini, kwadriaji? ETAT, ule mwongozo wa triaji na dharura za watoto wa Shirika la Afya Duniani, kweli ina makundi 3, wa dharura, wa kupewa kipaumbele na wa kungoja, lakini hiyo ni bahati tu, haikutoka kwa jina.

Sawa, jina ni jina, mgonjwa hafi kwa sababu ya jina. Hii ya pili, ya kudhani triaji ni chumba, ndo inaniuma. Ukifika kituoni unaambiwa "pitia triaji kwanza", unakuta meza, mzani, mashine ya presha na benchi, unapimwa uzito, presha, joto, vinaandikwa kwa kitabu, halafu unarudi kwa laini pale pale ulikuwa. Hapo umepimwa tu. Kama hizo namba hazikusogeza mtu yeyote mbele au nyuma, hakuna kitu kimechambuliwa, ni kama senge angehesabu punje akazirudisha kwa gunia. Mahali fulani, sitataja, niliona mama amebeba mtoto anahema mbavu zinaingia ndani, anaambiwa angoja mzani. Mtoto wa hivyo, au wa degedege, au asiyejitambua, anaanza kutibiwa hapo hapo alipo, oksijeni kwanza, njia ya hewa, sukari ya mshipani kwa anayehitaji, mzani utamkuta. Na mtoto mchanga wa chini ya miezi 2 anapelekwa mbele ya laini hata kama amelala fofofo.

Tena haifanywi mara moja ikaisha. Kijana ameanguka na boda, saa tatu anaongea na simu, anacheka, mmempa kijani, yaani anaweza kungoja, kumbe bandama inavuja, saa tano yuko kwa hiyo hiyo benchi ni nyekundu na hakuna mtu amemwangalia tena manake "huyu si alishapita triaji." Alipita wapi jamani?

Mtoa mada nilimfuata wakati wa chai, nikamwambia, dokta, samahani, ile tri si ya traisikoli, ni kuchambua. Akacheka, akasema atarekebisha kwa slaidi, tutaona. Kibao cha mlangoni kilichoandikwa "triaji" kiacheni tu, rangi ni ghali. Lakini sista, nikikuuliza kama umemfanyia huyu triaji, usinijibu "ndio, presha ni 120 kwa 80." Niambie umemweka mbele ya nani.