Sanaa shirikishi ya umma ni nini?

Sanaa shirikishi ya umma ni kazi ya sanaa inayowekwa mahali pa wazi, ambapo kila apitaye anaiona bila kulipa kiingilio, na ambayo wanajamii wameibuni na kuitengeneza pamoja na msanii. Yaweza kuwa mchoro wa ukutani, mozaiki (picha iliyoundwa kwa vipande vidogo vya vigae), lango la chuma, hata benchi la kukalia. Sanamu iliyochongwa na mtu mmoja karakanani kwake kisha ikasimikwa uwanjani ni sanaa ya umma, lakini si shirikishi.

Utata uko kwenye huko kushiriki. Wengi hudhani ukishawagawia watu brashi umewashirikisha. Kama picha ilishaamuliwa, rangi zimeshachaguliwa na wao wanajaza tu nafasi zilizopigwa namba, hao ni vibarua wa bure. Ushiriki huanza pale wanapokuwa na kauli juu ya nini kichorwe na nini kiachwe.

Great Wall of Los Angeles, mchoro wa ukutani huko Marekani, ni mfano mzuri. Msanii Judy Baca na timu yake walianza kuuchora mwaka 1976 kwenye ukuta wa zege wa mfereji wa kuzuia mafuriko, wakaendelea katika misimu kadhaa ya kiangazi hadi 1983. Vijana zaidi ya 400 walishiriki, na mchoro ukafikia urefu wa takriban meta 840. Mada yake ni historia ya California, hasa ya watu waliosahauliwa vitabuni, na kabla ya kushika rangi kulikuwa na utafiti na mazungumzo na wanahistoria.

Kwa shule ya ufundi ya jamii inayotaka kuifanya sanaa hii, wafinyanzi, maseremala na wahunzi wapo tayari. Kazi ni kuoanisha mikono ya viwango tofauti, na hapo mozaiki hufaa kuliko brashi. Mchoro wa ukubwa kamili hutandazwa mezani, ukafunikwa kwa nailoni ili gundi isiushike, kisha juu yake ukawekwa wavu wa nyuzi za kioo. Vipande vya vigae hubandikwa kwenye wavu huo. Anayeshika koleo la kukatia vigae kwa mara ya kwanza hupewa anga au majani, ambako kipande kilichokatika upande hakidhuru. Uso wa mtu na herufi huachiwa wazoefu. Gundi ikikauka, wavu hukatwa katika sehemu zinazobebeka, kila moja ikiwa na namba na mshale wa kuonyesha upande wa juu (msidharau mshale; anga iliyogeuzwa haitambuliki mpaka saruji imeshika). Ukutani hupakwa saruji ya vigae kwa mwiko wa meno, sehemu zikapachikwa moja baada ya nyingine, na mwishowe mianya ikajazwa grauti, yaani uji mzito wa saruji wa kuziba nafasi kati ya vigae.

Matunzo husahaulika kirahisi, kwa kuwa siku ya uzinduzi kila kitu hung'aa. Ukuta wa Los Angeles ulilazimika kukarabatiwa, kazi iliyokamilika mwaka 2011. Ndiyo maana makubaliano huandikwa mapema: majina ya walioshiriki yatakaa wapi, nani atagharamia kigae kikibanduka, na endapo jengo litauzwa au kubomolewa, nani ana haki ya kuamua hatima ya kazi hiyo.