Wetisuti ama draisuti? Kwa anayeenda kupiga kasia Cape Town

Kijana niliyemfunza kayaki hapa Tudor Creek, Mombasa, yuwaenda kusoma Cape Town na kayaki hataki kuiacha, sasa aniuliza anunue wetisuti ama draisuti, zile nguo za kujikinga na maji baridi. Sisi huku hata wakati wa kusi maji hayashuki sana chini ya digrii 25, fulana yatosha, kwa hivo mtu hudhani baridi ya maji ni kutetemeka kidogo kisha unazoea. Sio hivo kabisa.

Maji yakiwa chini ya digrii 15 kinachoua mwanzo ni mshtuko. Ukipinduka tu wavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kama kichwa kiko chini ushavuta maji. Ukipona hapo una kama dakika 10 mikono bado yakutii, baadaye hata kushika kasia huwezi.

Wetisuti haizuii maji, wengi hawalijui hili. Maji kidogo yaingia kati ya neoprini, yaani ule mpira wake laini, na ngozi, mwili wayapasha, na vile viputo vya hewa ndani ya neoprini ndo vyazuia joto lisitoke. Manake lazima ikubane, ikilegea maji mapya yaingia kila mara na umevaa bure. Mie napenda ile isiyo na mikono ya milimita 3, mabega yawa huru.

Draisuti yabana shingoni na kwenye vifundo vya mikono kwa mpira, maji hayaingii, lakini yenyewe haina joto, joto ni la nguo za ndani, vaa flisi, pamba wacha nyumbani, ikilowa jasho yakutia baridi. Kabla ya kutoka chuchumaa uvute mpira wa shingo kidogo hewa itoke. Na huo mpira usiuanike juani, yangu ilipasuka shingoni kwa joto la stoo hapa Mombasa, niliumia sana manake ni kitu ghali.

Sasa Cape Town ina pande mbili. Muizenberg, ufukwe wa ghuba ya False Bay, kiangazi wetisuti yatosha. Upande wa Atlantiki ndo wa kuogopa: Desemba jua kali, lakini upepo wa kusini-mashariki wasukuma maji ya juu yaende mbali na ya chini yapanda, wakuta digrii 10 ama 12 na watu wamejaa ufukweni na kaptura. Pale ni draisuti, usiangalie jua.

Hela za yule kijana zafika wetisuti tu. Basi nimemwambia abaki Muizenberg, asitoke peke yake, laifjaketi aivae mwilini asiifunge nyuma ya kayaki, Atlantiki aingie siku atakayopata draisuti.