Msalaba: yanayosemwa na yalivyo

"Wakristo walivaa msalaba tangu mwanzo."
Hapana. Nani angevaa kitanzi shingoni? Warumi waliwaulia watumwa na waasi msalabani. Mwaka 71 kabla ya Kristo, wafuasi 6,000 wa Spartacus, mtumwa aliyeongoza uasi, walitundikwa kandokando ya barabara, kutoka Capua mpaka Roma. Mwaka 1968, katika kaburi la kale Jerusalemu, ulipatikana mfupa wa kisigino wenye msumari ndani yake. Ncha imejikunja, haung'oki, ndiyo maana marehemu alizikwa nao. Paulo alipoandika kwamba kwa Wayunani msalaba ni upuzi, wasomaji wake walijua anazungumzia kitu cha namna hii. Ni kweli Tertullian, mwandishi Mkristo wa mwanzoni mwa karne ya 3, anataja ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Ila katika michoro ya mwanzo ya Wakristo utakutana zaidi na samaki na nanga.

"Kisukari ndio msalaba wangu."
Au mume mlevi, au mkwe. Hii tumeizoea mno. Lakini Luka 9:23 inasema "ajitwike msalaba wake kila siku", na ugonjwa mtu hajitwiki, humpata tu. Aliyeonekana njiani na msalaba enzi hizo alikuwa anakwenda kuuawa. Yesu anamtaka mtu achague kumfuata hata kama itamgharimu uhai. Kwa hiyo kumwambia mama anayepigwa nyumbani "vumilia, ni msalaba wako" ni kulipotosha andiko, tena kwa hatari.

"Baba alikasirika, akamalizia hasira kwa Mwana."
Makanisa yanatofautiana katika kueleza kifo cha Yesu: wengine husema fidia, wengine adhabu iliyobebwa kwa niaba yetu, wengine ushindi dhidi ya mauti. Lakini katika Yohana 10:18 Yesu anasema uhai wake hakuna amwondoleaye, anautoa mwenyewe. Na Paulo anasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Mwana anayeburutwa bila hiari hayumo humo.

"Msalaba uliopinduliwa ni wa shetani."
Wapo wanaoutumia kwa kejeli, sikatai. Ila katika mapokeo ya kanisa ni wa Petro, aliyeomba asulubiwe kichwa chini. Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili alikalia kiti chenye msalaba huo huko Israeli, uvumi ukazagaa. Yeye, kama mrithi wa Petro, alikuwa amekaa penye alama ya mtangulizi wake.