Unakwenda kumuona mgonjwa? Maswali na majibu kuhusu vimelea vya hospitalini

Kumjulia hali mgonjwa ni wajibu, na hakuna anayekuambia uuache. Ila jioni geti la wodi likishafunguliwa, ndugu huingia na hotpoti, na matunda, na mikono iliyotoka kushika chuma cha daladala na noti za nauli, moja kwa moja hadi kitandani. Majibu haya ni kwa ajili yao, na kwa ajili ya yeyote anayesubiri zamu yake kwenye benchi la zahanati.

Kweli mtu anaweza kulazwa na ugonjwa mmoja akaondoka na mwingine?

Ndiyo, na hutokea sana. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilieleza kuwa katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja wakiwa hospitalini. Kwa wastani, 1 kati ya 10 wa hao waliopata hufariki. Maambukizi hayo hushika kidonda cha upasuaji, njia ya mkojo, mapafu au damu yenyewe. Tena baadhi ya vimelea vya wodini vimeshakuwa sugu kwa dawa za kawaida, hivyo kuvitibu ni kazi na ni gharama.

Wewe mgeni mwenye afya njema huenda usidhurike. Anayeumia ni mgonjwa wako, au wa kitanda cha pili.

Vimelea hivyo vinapita wapi?

Vingine hewani, vingine kwenye vyombo, lakini njia kubwa ni mikono. Hili lilionekana hata kabla watu hawajajua vimelea ni nini. Katika hospitali kuu ya Vienna, Austria, daktari Ignaz Semmelweis aliona kuwa wanawake waliozalishwa na madaktari na wanafunzi wao walikufa zaidi kwa homa ya uzazi kuliko waliozalishwa na wakunga. Madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda kuzalisha. Mwaka 1847 akawataka wanawe mikono kwa maji ya klorini. Mwezi Aprili, kabla ya agizo hilo, walikuwa wakifa zaidi ya 18 katika kila wazazi 100. Kufika Juni walikuwa kama 2. Hapakuwa na dawa mpya wala mashine mpya.

Sasa ninawe wakati gani, na vipi?

Kabla hujamgusa mgonjwa, na tena unapotoka wodini. Ukikumbuka nyakati hizo mbili tu, umefanya kubwa. Ongeza: kabla ya kumlisha, na kila baada ya kumsaidia haja.

Maji tiririka na sabuni, sekunde 40 hadi 60. Wengi wetu tunasugua viganja, tunasuuza, tumemaliza. Vidole gumba, ncha za vidole, chini ya kucha na katikati ya vidole hubaki vilevile, na hapo ndipo vimelea hujificha. Vua pete ikiwezekana. Kisha kausha kwa kitambaa chako safi au acha mikono ikauke yenyewe. Usijifute kwenye khanga aliyofunikwa mgonjwa. Kama bomba la wodini halitoi maji, ndoo yenye koki au kibuyu chirizi cha nje kinafaa kabisa. Beseni moja wanalochovya watu wote halifai.

Kitakasa mikono hakitoshi?

Kinatosha mara nyingi, kikiwa na kilevi cha asilimia 60 au zaidi, na ukisugua sekunde 20 hadi 30 mpaka kikauke. Lakini hakifanyi kazi vizuri kwenye mikono yenye uchafu unaoonekana, wala hakiaminiki kwa baadhi ya vimelea vya kuharisha. Mgonjwa akiwa anaharisha au anatapika, tafuta sabuni.

Kwa nini manesi wanakataza kukaa kitandani? Mbona ni kumfariji tu?

Nguo zako zimegusa kiti cha basi na kuta za watu. Kitandani yupo mwenye kidonda kibichi, au dripu mkononi, au mpira wa mkojo, na kila kimojawapo ni mlango wazi wa kuingilia vimelea. Nawe unaweza kuondoka na vya kwake, ukakae kitanda cha jirani kumpa pole na yeye. Omba kiti, au simama. Usiweke mkoba wala simu juu ya shuka. Na shikamoo haihitaji mkono. Mgonjwa ataipokea vilevile.

Mimi si mgeni. Mama yangu ninamuogesha na kumlisha mwenyewe. Nifanyeje?

Wewe ndiye ninayekufikiria zaidi, maana kazi unayofanya ni ya uuguzi na hakuna aliyekufundisha.

Omba glavu kabla ya kushika damu, choo, mkojo au matapishi. Glavu ni za kazi moja: ukimaliza kumsafisha, zivue, zitupe kwenye chombo cha taka ulichoonyeshwa, unawe. Mtu aliyevaa glavu kisha akashika kitasa, simu na kijiko cha uji amejilinda yeye, amewachafulia wengine.

Mfuko wa mpira wa mkojo ukae chini ya usawa wa kiuno cha mgonjwa, usipandishwe kitandani anapogeuzwa, kwa sababu mkojo uliokwisha kutoka unaweza kurudi ndani na vimelea vyake. Wala usilazwe sakafuni. Bandeji iliyolowa na dripu iliyovimbisha mkono usizirekebishe mwenyewe, mwite nesi.

Nguo zilizochafuka zibebe kwenye ndoo yenye mfuniko, usizisuuze kwenye sinki la kunawia watu. Nyumbani zifue peke yake kwa sabuni na maji ya moto, uzianike juani. Sakafu au ndoo iliyopata damu, mgonjwa akisharuhusiwa kurudi nyumbani, ifute kwa dawa ya klorini, ile ambayo wengi huiita jiki. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, changanya kipimo 1 na vipimo 6 vya maji, acha dakika 10, kisha suuza. Usiichanganye na dawa nyingine ya chooni, hutoa hewa ya sumu.

Chakula kije cha moto kwenye chombo kilichofungwa, kiliwe siku hiyohiyo. Wali uliobaki tangu mchana chini ya kitanda usimpe usiku.

Kwenye benchi la kusubiri, aliye pembeni yangu anakohoa. Nihame?

Sogea kidogo bila kumdhalilisha, na zaidi ya yote fungueni madirisha. Kifua kikuu huenea kwa hewa, na hewa inayopita huipunguza hatari. Utafiti uliofanywa katika hospitali 8 za Lima, Peru, ukachapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa majengo ya zamani yenye dari ndefu na madirisha makubwa yaliyofunguliwa yalikuwa salama kuliko vyumba vya kisasa vinavyotegemea mashine za hewa. Barakoa avae hasa anayekohoa. Sahani, kijiko na kupeana mkono havienezi kifua kikuu, kwa hiyo msimtenge mtu kwa hayo. Na ikiwa ni wewe uliyekohoa wiki mbili au zaidi, sema mapokezi mapema, usingoje kuitwa.

Niende na watoto wakamuone bibi yao?

Bora wabaki. Hushika kila kitu na kutia vidole mdomoni, na virusi vya surua vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Hakikisha wamemaliza chanjo ya surua ya miezi 9 na ya miezi 18. Bibi wapigieni simu ya video.

Ikiwa mtoto wako mwenyewe ndiye ana homa na vipele, mwambie mtu wa mapokezi kabla hujakaa naye katikati ya wengine.

Na mtoto mchanga wodi ya wazazi?

Nawa, mwangalie, usimbusu mdomoni wala mikononi. Kwa mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, mama anatosha. Najua shangazi watanuna.

Naona aibu kumwambia daktari anawe mikono.

Aibu hiyo inaeleweka, lakini una haki ya kusema. Sema kwa adabu: "Samahani daktari, naomba unawe kwanza, mgonjwa wangu ana kidonda kibichi." Wahudumu wengi wanalipokea vizuri. Wakisahau ni kwa kuchoka, si kwamba wanadharau.

Nimeze antibayotiki kabla ya kwenda, kwa kujikinga?

Hapana. Hazikukingi na virusi, na zinazidisha usugu wa vimelea.

Nina mafua, lakini nisipoenda watasema sijali.

Usiende. Mafua yako ya siku tatu yanaweza kuwa nimonia kwa mzee aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Hivyo hivyo ukiwa na homa, unaharisha, una macho mekundu au jipu linalotoa usaha. Piga simu, tuma pesa ya supu, na umwambie mgonjwa mwenyewe sababu. Ukiharisha, ngoja angalau siku mbili baada ya kupona kabisa, ndipo uende.