Mzee mwenye kitambi si Buddha

Wengi wakiona kinyago cha mzee mnene anayecheka, kitambi wazi, husema: "Huyo ni Buddha." Siye. Wajapani humwita Hotei, mmoja wa miungu saba ya bahati, Shichifukujin, ambao sanamu zao za mbao huwekwa nyumbani na madukani.

Asili yake ni mtawa wa Kichina aliyeishi mwishoni mwa karne ya 9 na mwanzoni mwa karne ya 10. Alizunguka na gunia begani, akiomba chakula na kucheza na watoto. Jina lenyewe, Budai kwa Kichina, maana yake ni mfuko wa kitambaa. Baada ya kufa, watu waliamini alikuwa Maitreya, Buddha anayesubiriwa kuja, na nadhani hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia. Lakini Siddhartha Gautama, mwanzilishi wa dini ya Kibuddha, alikuwa mtu wa Bara Hindi aliyetangulia kwa zaidi ya miaka elfu moja, na wachongaji humwonyesha mwembamba, ametulia, ana fundo utosini.

Ukitaka kuwatofautisha, usitazame masikio. Wote wawili wana ndewe ndefu. Tafuta gunia na kipepeo cha kujipepea mkononi.

Na si wote saba walitoka Japani. Daikokuten mwenye nyundo, Bishamonten na Benzaiten mpiga ala ya nyuzi wana asili ya India. Ebisu, mvuvi aliyekumbatia samaki mwekundu, ndiye Mjapani wa asili.