Ranwei ya Msalato sio mbwembwe

Panda daladala yoyote ya kwenda njia ya Arusha hapa Dodoma, mkikaribia Msalato lazima mtu aseme, ranwei (njia ya kurukia na kutua ndege) ya huu uwanja wa ndege kilomita 3.6 wakati ya Nyerere kule Dar ni 3 tu, basi hizo ni sifa za makao makuu. Hapana jamani.

Dodoma ipo juu, kama mita 1,100 hivi toka usawa wa bahari, Dar ipo chini kabisa pwani. Sasa huku juu hewa ni nyepesi, na lile jua letu la Oktoba (mnalijua wenyewe) linaifanya iwe nyepesi zaidi, na bawa linabebwa na hewa, injini nayo inavuta hewa hiyohiyo, kwahiyo ndege ileile na mzigo uleule huku lazima ikimbie sana ndo inyanyuke. Ranwei ikiwa fupi mnapunguza mafuta au mnashusha abiria.

Ucheki Nairobi, uwanja wao wa ndege wa JKIA upo mita 1,600 na ushee, ranwei yao inapita kilomita 4. Nao wanatuonyeshea sifa?